Kaseti ya Ambrose

Ukienda Ipinda siku ya gulio, ukafuata kelele mpaka kwenye mashine ya kukoboa mpunga iliyo nyuma ya maduka, utamkuta mwanamume mrefu, nyusi zimekuwa nyeupe kwa vumbi la pumba, akimimina mpunga mashineni. Huyo ni Andongwisye. Vijana wa leo wanamjua kama fundi mashine, basi. Nikiwaambia kwamba mtu huyo aliwahi kujaza watu ghala zima pale Kyela mjini, na kwamba wengine walivuka mto Songwe kwa miguu ili wamsikie, wananitazama kama bibi aliyeanza kuchanganyikiwa. Wananikera. Mimi Naila binti Zubery sijachanganyikiwa. Nilikuwepo, na katika yaliyoharibika nina sehemu yangu, ndiyo maana nasimulia mimi.

Nyumbani kwake hana hata redio. Watu hudhani ni ubahili.

Baba yangu alikuwa na duka la kaseti. Babu alitoka Kilwa na mzigo wa chumvi na vitambaa, akaoa, akazikwa hukuhuku, kwa hiyo sisi ni watu wa Kyela wenye majina ya pwani. Ilipokuja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, redio zikaanza kuingia kutoka Tunduma na Karonga utafikiri zilikuwa zimejificha nyuma ya mlango zikisubiri kuitwa. Baba akanunua deki mbili za kurudufu kaseti. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya kuachika, na kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri nikapewa kazi ya kuandika lebo.

Mwaka wa tisini Andongwisye akaja kuomba kazi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, Mkisi wa Ikombe, kijiji cha ziwani ambako usipopanda mtumbwi hufiki. Mama yake, Tusekile, alikuwa mfinyanzi kama wanawake wengi wa kule. Kaka yake mkubwa, Ambrose, alikuwa kwenye migodi ya shaba Zambia. Wa mwisho kwao alikuwa binti, Jubilate, ambaye ndiye aliyesafirisha vyungu vya mama kwa mtumbwi hadi soko la Lyulilo.

Huyo Jubilate kila akija mjini alipita dukani kutuchokoza. Alimuuliza kaka yake kama ameshajifunza kusikia watu au bado anasikia mashine tu. Siku moja aliniomba nimwandikie jina lake kwenye lebo, aone lingependeza vipi. Nikaliandika kwa wino wa bluu, herufi za kulala, nikalibandika kwenye kaseti tupu ya dakika sitini, nikampa. Alifurahi mpaka akaibusu. Nilimpenda yule msichana, na sioni haya kulisema.

Aliyosema juu ya masikio ya kaka yake yalikuwa kweli. Jirani yetu alikuwa fundi cherehani, na Ando, ndivyo tulivyomwita Andongwisye, angeweza kuacha wateja wamesimama akimsikiliza fundi anavyokanyaga. Aliirekodi ile cherehani. Akarekodi wanawake wanaotwanga, injini ya mashine ya mpunga ya Ipinda, kasia likigonga ubavu wa mtumbwi. Kisha akapata kinanda kidogo cha umeme, mtumba wa Kijapani, kutoka kwa Mzambia mmoja, chenye midundo ndani yake ukibonyeza kitufe. Akawa anaufungua mdundo wa kinanda, juu yake anaachia cherehani kutoka deki ya kwanza na kasia kutoka deki ya pili, anazungusha, anakata, anarudisha. Baba akasema huyu kijana ameharibikiwa. Mimi nilikuwa nimesimama na kalamu mkononi, miguu inacheza yenyewe.

Ghala lilikuwa la ushirika. Wanunuzi binafsi walipoingia, mpunga ukaacha kwenda ushirika, na ghala likabaki tupu, popo tu na harufu ya mpunga wa zamani. Mlinzi alikuwa na ufunguo na alipenda soda. Tukaziba madirisha kwa magunia, tukaweka jenereta nje nyuma ya ukuta, na saa tisa alasiri, jua la Kyela likiwa linachoma watu vichwa, mle ndani tukawa na usiku wetu wa kutengeneza. Kibali hatukuwa nacho. Makanisa yalikuwa yanatusema, na baba angenisema zaidi kama angejua. Tangazo letu lilikuwa kanga yangu nyekundu: ikianikwa mlangoni pa duka Jumamosi asubuhi, vijana walijua kuna disko. Watu walicheza mpaka vumbi la pumba likapanda hadi darini, tukatoka saa kumi na mbili vichwa vyeupe, tunapiga chafya na kucheka.

Jina lake likaanza kutembea. Aliitwa Kasumulu, mpakani, kwenye chumba cha nyuma ya baa moja, ambako vijana wa Malawi walicheza wakiwa wameacha viatu mlangoni ili wasisikike barabarani. Aliitwa Tukuyu, kwenye karakana ya magari, akapiga muziki wake kati ya matairi. Kote alikwenda na kinanda mgongoni na deki kwenye kikapu cha samaki. Hakuwa akipata kitu cha maana, lakini alirudi akiwa na uso ambao mimi sijawahi kuwa nao hata siku ya harusi yangu.

Mwezi wa nne mwaka tisini na mbili, mtumbwi wa vyungu ulipinduka ukiwa karibu kufika Lyulilo. Wapiga makasia wawili waliogelea. Jubilate alipatikana siku ya pili.

Sikwenda kwenye mazishi, niliyasikia kwenye kaseti. Watu wa ziwani wanalia kwa ngoma: wanaume wanacheza msiba kwa miguu mizito, wanawake wanamwita marehemu kwa jina na kuyasema aliyoyafanya na aliyoyaacha. Na siku zile, aliyekuwa mbali alirekodiwa kilio kikatumwa, ili naye alie na wenzake. Ambrose asingeweza kutoka mgodini kwa wakati. Mjomba wao akamwambia Andongwisye, wewe ndiye mwenye chombo, mrekodie kaka yako. Nyumbani kulikuwa na kaseti moja tu. Ilikuwa ile yenye jina la Jubilate.

Miezi michache kabla, Ando alikuwa amemrekodi dada yake katika kaseti hiyohiyo uani kwao, nusu saa nzima, akikanda udongo, akiimba, akimtania. Sasa alibonyeza kitufe cha kurekodi, na kilio cha Jubilate kikaanza kumfuta Jubilate. Aliniambia baadaye kwamba alijua. Alisema mjomba alikuwa amesimama pale, ngoma zimeanza, na yeye hakuweza kutamka kwamba kaseti si tupu.

Kilio kiliisha kabla ya upande wa kwanza kuisha. Kwa hiyo mwishoni kabisa, baada ya ngoma na baada ya mama kulia, kuna mkwaruzo, halafu sauti ya msichana karibu sana na kipaza sauti, imechoka kwa kucheka. Maneno manne.

"Ando, zima. Betri zitaisha."

Alirudi mjini na ile kaseti. Alitakiwa aipeleke Tunduma, ampe dereva wa malori, ifike Zambia. Katika nyumba yao mambo yalikuwa hivi: mama hashiki udongo mpaka matanga yaanuliwe, na matanga hayaanuliwi mpaka kila mtoto wa nyumba awe amelia. Ambrose alikuwa bado. Basi Tusekile akakaa Ikombe mikono mitupu, anasubiri barua ya Zambia, na majirani wanamletea mihogo. Hilo Ando alilijua. Mimi pia, maana aliniambia.

Siku ya kwanza alisema ataisikiliza mara moja tu kabla ya kuituma. Siku ya pili nilimkuta amefungua mdundo wa kinanda chini ya ngoma za msiba. Sauti ya mama yake ilikuwa inapanda juu ya ule mdundo, inaning'inia, inaanguka, na yeye anaikata pale inapovunjika na kuirudisha mwanzo, ivunjike tena. Mimi Kikisi sijui. Sikujua mama anasema nini. Nilichojua ni kwamba sijawahi kusikia kitu kama kile, na nikamwambia hivyo. Nikamwambia, hiki wakikisikia ghalani watapagawa.

Ningenyamaza tu. Angalau ningemuuliza, na Ambrose je?

Walipagawa kweli. Jumamosi ile alipokiachia, watu kwanza walisimama, halafu wakacheza wamefumba macho. Mwisho wa upande ukafika kabla Ando hajawahi kitufe, na sauti ya msichana ikatoka kwenye spika zote mbili ikimwambia azime. Yeye akazima. Ghala likawa kimya, kisha likalipuka kwa makelele ya furaha. Wakadhani ni mbwembwe zake. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo namna ya kufunga disko: kilio, mkwaruzo, zima betri zitaisha, kimya, makofi.

Nikamshauri airudufu, nakala iende kwa Ambrose, yake abaki nayo. Huyu mtu alikuwa akirudufu kaseti thelathini kwa siku. Akakataa. Alisema nakala moja ikitoka itaibwa, kesho kila dijei wa Mbeya anapiga kilio cha mama yake. Alisema anatafuta siku nzuri. Mama alipotuma salamu kuuliza, akajibu kwamba kaseti imekwenda, labda Ambrose amehamishwa mgodi. Salamu zilipofika mara ya pili, akajibu hivyohivyo. Mimi niliyasikia majibu hayo nikiwa nyuma ya meza, naandika lebo.

Yakaanza mambo. Prisca, binti wa mwalimu mmoja, alisema kuna mtu alicheza ubavuni mwake kilio kizima, nguo zake zimelowa, na taa ya kibatari ilipowashwa hakukuwa na mtu. Tukamcheka. Wiki iliyofuata kijana mwingine akasema hivyohivyo, kona ileile. Mlinzi akaonyesha sakafu pale konani, imelowa, na mvua hatukuwa nayo. Badala ya watu kukimbia, wakaongezeka. Walikuja kutoka Tukuyu kusimama kona ile. Nikasikia wanaiita kona ya Jubilate, maana lebo ilikuwa inaonekana kwenye deki, kwa mwandiko wangu.

Ninajua kaseti. Kila ukiipiga, utepe unalika, sauti inafifia, mikwaruzo inaongezeka. Kilio cha mama kilikuwa kinafifia kama inavyotakiwa. Yale maneno manne yalikuwa yanazidi kusikika. Nilimwambia Ando, akasema naye ameona. Alianza kukonda. Alikuwa akikaa dukani deki zote zimezimwa, kichwa amekiinamisha upande mmoja, na ukimsemesha anainua kidole usubiri. Niliogopa. Lakini Jumamosi ikifika niliianika kanga, kwa sababu na mimi nilitaka kusikia.

Mwaka ukapita. Mwezi wa tano mwaka tisini na tatu akaja tajiri mmoja wa Mbeya mwenye ukumbi, akasimama ghalani kwa viatu vyake vizuri, akasikiliza mpaka mwisho. Akamwambia Ando aje apige kwake kila wiki, chumba atapewa, spika mpya atapewa. Sharti lake lilikuwa moja, kile kilio kisikosekane. Ando akakubali, aondoke Jumatatu. Jumamosi ikabaki ya kuaga.

Jumamosi hiyo, kama saa kumi, nilikuwa bado dukani nafunga ndipo nifuate wenzangu, akaingia mama mmoja mwembamba mwenye vumbi la safari. Alikuja kwa mtumbwi hadi Lyulilo, kisha juu ya lori la mpunga. Akanisalimu, "Ugonile, mwanangu," akaomba maji. Nilipompa glasi niliona mikono yake. Mikono ya mfinyanzi huwa na udongo kwenye mikunjo hata aoge vipi. Yake ilikuwa misafi, ngozi imelainika kama ya mgonjwa wa muda mrefu.

Tusekile hakuwa amekuja kwa ugomvi. Alisema amechoka kusubiri salamu, anataka mwanawe amwandikie Ambrose barua mbele yake, amwambie, kama kaseti imepotea basi alie hivyohivyo bila kaseti, ili yeye arudi kwenye udongo. Alisema anamwota Jubilate kila wiki, yuko mlangoni hakai, kama mtu aliyeitwa akaachwa amesimama. Aliniuliza Andongwisye yuko wapi.

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na mazoezi ya mwaka mzima. Lakini ile mikono ilinishinda. Nikamwambia, "Mama, twende." Njiani nikamwambia karibu yote, kaseti ilipo na inafanya nini, na kwamba lebo ni yangu. Tulipokaribia ghala tukasikia mdundo, na juu ya mdundo, yeye mwenyewe.

Tuliingia gizani. Watu walikuwa wamejaa, wanatoka jasho, vumbi linaelea kwenye mwanga wa vile vitaa viwili vya deki. Sauti yake ikapanda na Ando akaikata, akairudisha, akaikata. Nilikuwa nimemshika mama mkono. Nikamuuliza kwa nini lile neno linarudiwa, linasema nini. Ndipo nilipojua, baada ya kulicheza mwaka mzima. Akaniambia, "Namuuliza, udongo umeukanda, nani ataufinyanga?"

Kilio kikaisha. Ukaja mkwaruzo. Nikahisi vidole vyake vimenibana, kwa sababu hilo sikuwa nimemwambia, nilikosa ujasiri. Jubilate akasema kwa mamake yaleyale aliyotuambia sisi kila Jumamosi, safi, karibu, kana kwamba yuko kati yetu. Ando akazima. Watu wakapiga makofi na miluzi. Na yeye mama akatembea katikati yao, wanampisha wakidhani ni mwuza karanga, mpaka mezani.

Ando alipomwona alikaa chini sakafuni palepale. Kelele zikaanza kupungua, wa mbele wakinyamaza kwanza, kisha wa nyuma. Jenereta tu ndiyo ikawa inasikika nje ya ukuta. Tusekile alizungumza taratibu, kwa Kiswahili, nafikiri alitaka wote tuelewe.

"Dada yako anakwambia uzime," alisema. "Mwaka mzima anakwambia. Wewe unazima, halafu unamwita tena."

Ando alilia. Hakuwa amelia mazishini, alikuwa ameshika redio. Kwa hiyo hata yeye, wa nyumbani, alikuwa bado. Mama akasimama juu yake akisubiri amalize, hakumgusa, na vijana wakaanza kubandua magunia madirishani mmojammoja bila kuambiwa. Jua likaingia. Kona ya Jubilate ilikuwa kavu.

Jumatatu hakwenda Mbeya, alikwenda Tunduma. Kabla hajaondoka nilimwomba tena airudufu kaseti, dakika moja tu ya mwisho, ili yale maneno yabaki. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi letu. Ando akamtazama, kisha akasema hapana, ameshamweka dada yake kwenye mashine vya kutosha. Safari hii niliona ana haki. Nikaibandika lebo mpya juu ya ile ya zamani, nikaandika Ambrose na anwani ya mgodi. Dereva mmoja mwaminifu akaichukua.

Barua ilifika baada ya wiki saba. Ando aliisomea dukani kwetu, mimi na baba tukisikiliza. Ambrose aliandika kwamba amepokea, amekaa na Watanzania wenzake, wamelia, mama aanue matanga. Alishukuru, ndaga fijo. Chini akaongeza swali. Alisema Ando alimtumia salamu pamoja na kaseti kwamba mwishoni kuna sauti ya Jubilate, naye amesikiliza mpaka utepe umefika mwisho, akasikiliza na upande wa pili, na hakuna. Baada ya kilio kuna mkwaruzo, kisha kimya. Je, alikosea kaseti?

Baba alisema ni utepe umelika. Mimi nilitaka kukubali. Nilikuwa nimeisikia wiki saba kabla, safi kuliko siku ya kwanza.

Ikombe matanga yakaanuliwa, na Tusekile akaushika udongo siku iliyofuata. Vyungu vyake viliuzwa Lyulilo hadi alipofariki mwaka elfu mbili na tatu. Nilikuwa nacho kimoja. Ando aliacha kazi kwa baba mwezi huohuo. Kinanda alimpa fundi cherehani, akaenda Ipinda kushika mashine ileile aliyokuwa akiirekodi, na yuko huko mpaka leo.

Mwaka juzi nilipeleka mpunga wangu. Nilimkuta peke yake, foleni haijaanza, na injini ilikuwa inanguruma bila mpunga ndani. Nikamlaumu kwa utani kwamba anachoma dizeli bure, nikanyoosha mkono kwenye swichi. Akanishika mkono haraka mpaka nikashtuka. Ilibidi asogeze mdomo sikioni kwangu nimsikie.

"Iache, dada Naila," alisema. "Ikizimwa, nasikia kwamba Jubilate hasemi."

Nikauondoa mkono. Akanipokea gunia, akaanza kumimina.